Mtaalamu Yu Mbali, Mtoto Yu Mikononi Mwetu



Mwinjili Yohane atusimulia habari ya diwani mmoja wa Kafarnaumu ambaye mwanawe alikuwa hawezi, yu karibu kufa. Yule baba aliposikia ya kuwa Bwana wetu amefika Kana ya Galilaya, aliziacha kazi zake za serikali akapanda kwenda kumtafuta, safari ya karibu siku nzima kwa miguu. Akamsihi ashuke naye. Bwana hakushuka. Alimwambia aende zake, mwanawe yu hai; naye yule baba akalisadiki neno hilo, akarudi mikono mitupu. Alipokuwa bado njiani watumishi wakamlaki na habari njema. Akawauliza saa ambayo mtoto alianza kupata nafuu, wakamwambia jana, saa saba. Na saa saba hiyo ndiyo saa saba yetu, maana watu wa nchi ile walizihesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, kama sisi wasema Kiswahili tuzihesabuvyo.

Twaikumbuka habari hiyo kwa sababu ya jambo linalozidi kuenea katika nchi yetu na nchi jirani, nalo ni kuwatibu watu walio mbali kwa njia ya simu na intaneti. Wizara na hospitali huliita tiba mtandao. Hapa twataka kusema juu ya namna moja tu ya tiba hiyo, ile inayowahusu watoto wenye ulemavu na huduma waihitajiyo kuliko dawa, yaani utengamao: mazoezi ya viungo, kufundishwa kukaa, kushika, kula na kusema, na kupatiwa vifaa vya kuwasaidia. Wako wazazi ambao wamekwisha kuambiwa na jamaa zao wa mjini ya kwamba sasa hakuna haja ya safari, simu itafanya yote. Wengine wamecheka, wakiuliza simu itaunyosha mguu wa mtoto kwa mikono gani. Swali la hao wanaocheka ndilo zuri zaidi, na ndilo tutakalolijibu.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1905 daktari Mholanzi, Willem Einthoven, alipeleka mapigo ya moyo wa mgonjwa kwa waya wa simu kutoka hospitali ya Leiden hata maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu. Na huku kwetu, Madaktari Warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na kuwa na makao yake Nairobi, walitumia redio za mawasiliano katika miaka ya 1960 kuzungumza na hospitali za mbali, nyingi zikiwa za misheni. Kilichobadilika ni kwamba chombo kilichokuwa kimoja kwa hospitali nzima sasa kimo mfukoni mwa mzazi, tena chapeleka picha pamoja na sauti. Ugonjwa wa korona ulipozifunga kliniki katika nchi nyingi mwaka 2020, wataalamu wa mazoezi walilazimika kuyajaribu kwa haraka mambo waliyokuwa wakiyasitia, na wengi wakaona ya kuwa mzazi akielekezwa vizuri kwa simu ya picha aweza kutenda mengi kuliko walivyodhani.

Haja ni kubwa. Shirika la UNICEF lilikadiria mwaka 2021 ya kwamba watoto wenye ulemavu duniani ni karibu milioni 240, yaani mtoto 1 katika kila 10. Wataalamu wa kuwasaidia ni wachache, na wengi wao wamo mijini. Tena utengamao haufanani na kwenda kung'olewa jino, safari moja ikaisha. Ni juma kwa juma, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Mama wa Liwale au wa Kibondo aliye na mtoto asiyeweza kukaa, atoe wapi nauli ya kwenda hospitali kubwa mamia ya kilomita kila mwezi, na shamba amwachie nani? Akiwa na moyo atakwenda mara mbili, mara tatu. Kisha mtoto atakua. Mtoto wa mwaka mmoja hubebwa kwa mbeleko. Wa miaka saba, miguu imekaza, abebwe na nani hata kituo cha basi? Hapo ndipo safari hukoma, na yule mama huhesabiwa kliniki kuwa mtu asiyefuata maagizo.

Tuuchukue mfano wa mtindio wa ubongo, ulemavu unaowaleta watoto wengi kwenye kliniki hizo. Asili yake ni ubongo wa mtoto kuumia ukingali unakua: tumboni, au wakati wa kuzaliwa anapokosa hewa, au baadaye kwa manjano kali ya utotoni, kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa malaria iliyopanda kichwani. Si urogi, si laana ya ukoo, wala si adhabu ya dhambi ya mama. Wanafunzi walipomwuliza Bwana juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, alijibu ya kuwa hakuna hata mmoja. Na ambaye baada ya jibu hilo angali akiuliza swali lile lile kibarazani kwa jirani, atafute mwalimu mwingine. Hakuna dawa ya kuuondoa ulemavu huu, na mtu anayeuza dawa hiyo ni mwongo. Lakini jeraha la ubongo haliongezeki. Kinachoongezeka, mtoto asiposaidiwa, ni kukakamaa kwa viungo, na kinachoweza kuongezeka akisaidiwa mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, ni uwezo wake wa kukaa, kushika, kula na kuwasiliana na wenzake.

Basi, simu yafanya nini hapo? Twende jikoni. Mtoto huyu mara nyingi hupata taabu ya kumeza. Katika nyumba nyingi hulazwa chali mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uji ukamiminwa kinywani. Mama hufanya hivyo kwa mapenzi, maana ndivyo uji uingiavyo upesi, na kazi nyingine zamngoja. Lakini sehemu ya uji huo huingia katika njia ya pumzi. Mtoto hupaliwa, hukohoa usiku, kisha huja kichomi, na kwa kichomi hicho watoto wengi wa namna hii hufa, watu wakisema kwamba ulemavu ndio uliowaua. Hospitalini mtaalamu huyaona haya kwa shida: mtoto amefika amechoka na basi, analia, hataki kula mbele ya wageni. Lakini akitazama kwa simu dakika kumi za chakula cha mchana nyumbani, huona kigoda kile kile, kijiko kile kile, paja lile lile. Naye husema: mkalishe wima, kiuno na magoti yakunjwe, kichwa kiinamishwe mbele kidogo; kijiko kiwe kidogo, kije kutoka mbele wala kisishuke kutoka juu; uji uwe mzito kidogo; ngoja ameze ndipo uongeze. Mama hujaribu, mtaalamu humrekebisha, hujaribu tena. Maneno hayo ni machache, na bado kila mtoto ana yake, ndiyo sababu yahitaji jicho la mtu ajuaye na si kuigwa tu kwa jirani. Hatujui mahubiri yo yote ya nusu saa yawezayo kuokoa maisha kama dakika hizo kumi.

Ni vivyo hivyo kwa kukaa. Ufundi wa kutengeneza viti vya watoto kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga ulianzia Zimbabwe, na umeenea nchi nyingi maskini. Seremala wa kijiji naye aweza kutengeneza kiti cha mbao chenye kizuizi mbele, mtaalamu akimtajia vipimo kwa simu na kuuona urefu wa paja na wa mgongo. Mtoto aliyekuwa akitazama dari mwaka mzima, akikalishwa, huanza kuwatazama ndugu zake usoni.

Kuna pia watoto wazaliwao na mguu kifundo, ule unaopinda kuelekea ndani. Hawa habari yao ni njema zaidi, maana kwa njia aliyoibuni daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, wengi hunyoka bila upasuaji mkubwa: mguu hufungwa plasta, ikibadilishwa kila juma kwa majuma kadhaa, mara nyingi hufuata kukatwa kidogo kwa ukano wa kisigino, kisha huja viatu vilivyounganishwa kwa upau. Kazi ya plasta haiwezi kufanywa kwa simu, wala asijaribu mtu. Lakini viatu vile huvaliwa saa 23 kwa siku muda wa miezi mitatu, halafu usiku na wakati wa usingizi hata mtoto afikie miaka minne au mitano, na hapo ndipo vita hupotea. Mguu umenyoka, mtoto analia usiku, bibi asema mtoto anateswa, viatu vyavuliwa, na baada ya miezi mguu warudi ulikotoka. Simu moja kila mwezi, picha ya kisigino ndani ya kiatu, neno la kumtia moyo mama na neno la heshima kwa bibi, vyaweza kuilinda kazi yote iliyofanywa hospitalini.

Sasa twaseme na yasiyowezekana, kwa kuwa shauku ya vitu vipya huwadanganya watu. Mara ya kwanza mtoto apelekwe kwa mtaalamu ana kwa ana. Nyonga iliyoteguka hupimwa kwa mikono. Kifafa, masikio na macho huhitaji uchunguzi. Viatu, mikanda na miguu ya bandia hupimwa juu ya mwili wa mtoto mwenyewe na mafundi waliosomea, kama wale wanaofunzwa Moshi katika chuo cha TATCOT tangu mwaka 1981. Mzazi asimnyoshe mtoto kwa nguvu kwa sababu ameona picha ya mtoto mwingine akinyoshwa. Kiungo kilichokakamaa chaweza kuumizwa. Na katika safari ile ya kwanza simu yaweza kusaidia kwa namna nyingine: hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula wafike kutibiwa. Njia iliyowafaa akina mama hao yafaa pia kwa mtoto wa parokia yetu, na haihitaji mfadhili wa ng'ambo kuipeleka shilingi kutoka simu hata simu.

Tumesema mikono ya mtaalamu haipiti katika waya. Basi mikono itakayotumika ni ya nyumbani. Na hapa twataka kusema na akina baba.

Katika Injili, wazazi tunaoonyeshwa wakimwendea Bwana kwa ajili ya watoto wao wagonjwa ni diwani huyu wa Kafarnaumu, na Yairo mkuu wa sinagogi, na baba wa yule kijana mwenye kifafa, na mama Mkanani. Akina baba watatu, mama mmoja. Nenda leo katika baraza la kliniki yo yote ya mazoezi ya watoto ukahesabu. Wako wanaume ambao, siku walipoambiwa mtoto hatatembea, walimwambia mama kwamba katika ukoo wao hakuna mambo hayo, wakaondoka. Wako wengine walio wema zaidi, ambao hawakuondoka, ila hawajamgusa mtoto tangu siku hiyo. Hulipa, hununua maziwa, hutazama pembeni. Nao wajue ya kuwa tiba mtandao imewaita kwa jina. Simu janja, ikiwa imo nyumbani, mara nyingi ni ya baba. Asubuhi hutoka naye kwenda kijiweni au sokoni, na mtaalamu akipiga saa nne humpata baba juu ya pikipiki, mtoto yuko nyumbani. Tena mama anayemfanyisha mtoto mazoezi ahitaji mikono yake miwili. Mtu wa pili lazima aishike simu ili mtaalamu aone. Mtu huyo awe nani? Diwani wa mfalme aliweza kuacha ofisi siku mbili. Mwenye duka ataweza kuacha duka nusu saa siku ya Jumamosi.

Neno lingine ni juu ya mtoto afichwaye. Chumba cha nyuma kingali kipo katika nyumba za Wakristo, nyumba zenye msalaba ukutani. Wageni wakija, mlango hufungwa. Mtoto wa chumba cha nyuma hawezi kutibiwa kwa simu wala kwa njia nyingine, kwa kuwa hakuna ajuaye kwamba yupo. Lugha yetu yenyewe ilitusaidia kuficha: kilema, kiziwi, kipofu, twawataja katika ngeli moja na kiti na kikapu. Leo twafundishwa kusema mtu mwenye ulemavu, na wako wazee wanaonung'unika ya kuwa ni maneno marefu. Sisi twaona urefu huo una faida yake, maana humlazimisha msemaji kumtaja mtu kwanza.

Wazazi wa mtoto Hermann, aliyezaliwa mwaka 1013 katika nchi ya Wajerumani, hawakumficha. Hakuweza kutembea bila kusaidiwa, na maneno yake yalisikika kwa shida. Walimpeleka akiwa na umri wa miaka saba kwa wamonaki wa Reichenau, wakampa kiti cha kubebwa, wakamsomesha. Aliandika habari za nyota, za hesabu, za muziki na za historia, hata akafa mwaka 1054. Na mapokeo humhesabu kuwa mtungaji wa Salamu Malkia tunayoiimba baada ya sala za usiku. Papa Pius IX alithibitisha heshima yake kama Mwenye Heri mwaka 1863. Hakuponywa ulemavu wake. Alikalishwa mahali ambapo angeweza kuyafikia meza na vitabu, na wako waliombeba kila siku.

Twajua ya kwamba wako watakaosema, yatosha kusali. Yoshua bin Sira, katika kitabu ambacho sisi Wakatoliki twakisoma katika Biblia yetu, aagiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba tabibu na kuzitoa dawa katika ardhi. Mtu anayemwambia mama avue viatu vya mtoto kwa sababu ameombewa, huyo hamheshimu Mungu. Mwenye kuombewa avae viatu vyake.

Kuna hatari mpya nayo. Ili mtaalamu aone viungo, mtoto hupigwa picha akiwa amevuliwa nguo. Picha hizo ni siri ya mgonjwa. Zitumwe kwa mtaalamu peke yake, kwa namba iliyotolewa na hospitali, zisiwekwe katika makundi ya simu ya ukoo wala ya kwaya, hata kwa nia ya kuombewa. Wako wanaozunguka na picha za watoto wa watu wakiomba michango ambayo mtoto haioni. Nchi yetu ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022, lakini sheria haitaiona picha kabla ya mzazi kuituma.

Wakubwa wa serikali, na wakubwa wetu wa hospitali za majimbo, watusamehe tukisema nao pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto mwenye ulemavu haki ya uangalizi maalumu, matibabu na utengamao, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yaliongezea nguvu jambo hilo. Simu isiwe udhuru wa kutoajiri. Nyuma ya kila simu ya picha lazima awepo mtaalamu mwenye muda, na mtaalamu mmoja mwenye foleni ya watoto mlangoni hawezi pia kujibu simu za mikoa mitatu. Atakayenunua vioo vya kuzungumzia bila kuajiri mtu wa kukaa mbele yake, amenunua samani.

Maparoko na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanaotuuliza waanzie wapi, twawajibu hivi. Jumuiya ijue nyumba yenye mtoto ambaye miezi minne imepita hajakaza shingo, au miezi tisa hajakaa, au mwaka na nusu hajatembea, na iwashauri wazazi wasingoje. Neno la kwamba atatembea tu, hata mjomba wake alichelewa, limewapotezea watoto wengi miaka yao bora. Wachangie nauli ya safari ya kwanza, na hapo hospitalini waombe namba na saa ya kupigiwa. Penye nyumba isiyo na simu janja wala umeme, chumba kimoja cha ofisi ya parokia chaweza kutolewa saa moja kwa juma, chenye mkeka, mlango ufungikao na mtu mmoja anayejua kuitumia simu. Kitochi nacho kisidharauliwe, maana sauti peke yake yatosha kwa maswali mengi. Wazazi wenye watoto wa namna moja wakutanishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa mama aliyeanza mwaka jana humfundisha wa leo mambo ambayo mtaalamu hayajui.

Siku yenyewe, mtoto awe ameshiba kidogo na hana usingizi, isipokuwa kama mtaalamu ametaka kumwona akila. Wakae penye mwanga wa mchana, dirisha likiwa nyuma ya mshika simu na si nyuma ya mtoto. Redio izimwe. Kifurushi kinunuliwe mapema, simu iwe imechajiwa usiku. Na kadi ya kliniki ya mtoto iwe karibu, kwa kuwa mtaalamu ataanza kwa kuuliza siku aliyozaliwa na uzito wake wa mwezi huu.